Kabla Hujabadilisha Fyuzi ya Amplifaya

Stima ikipotea jioni mjini Voi, watu wamezoea kungoja. Matatizo huanza inaporudi. Taa za Sofia, Kaloleni na Mwakingali zinawaka kwa pamoja, friji zinaguruma, televisheni zinarudi hewani, lakini katika nyumba moja amplifaya iliyokuwa ikipiga muziki haitoi hata mwanga. Mwenye nyumba anafungua plagi kwa bisibisi, anakuta fyuzi imeungua, na kwa kuwa maduka yamefungwa anaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuirudisha. Muziki unaendelea. Wiki inapita, kisha mwezi, na fyuzi ile inasahaulika. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu siku waya utakapopata shoti hakutakuwa na kitu cha kuukata.

Upande mwingine wapo wapenzi wa muziki wanaotafuta fyuzi za hali ya juu. Hizi huuzwa ng'ambo zikiwa na ncha za dhahabu au nyuzi za fedha, kwa madai kwamba zinasafisha sauti. Mtu aliyenunua amplifaya nzuri na spika kubwa hujiuliza kama fyuzi ya kawaida ya dukani inamnyima utamu aliolipia.

Watu hawa wawili, wa karatasi ya sigara na wa dhahabu, wanahitaji maelezo yale yale kuhusu kazi ya fyuzi. Na suala lenyewe si la starehe tu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Moto unaoanzia kwenye waya wa redio saa nane za usiku huko Ikanga au Mbololo unaihusu kaunti moja kwa moja, na unaihusu zaidi familia iliyolala chumba cha pili.

Fyuzi hulinda nini?

Wengi hudhani fyuzi iliyo ndani ya plagi inailinda redio. Sivyo. Fyuzi ya plagi inaulinda waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye redio. Ili kuelewa sababu yake ni lazima kurudi Uingereza ya mwaka 1947, ulipotolewa utaratibu wa plagi ya pini tatu za mraba ambayo Kenya inaitumia hadi leo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, nyumba nyingi zilihitaji kujengwa na shaba ilikuwa haba. Mafundi wa wakati huo wakaamua soketi nyingi za nyumba ziunganishwe kwenye mzunguko mmoja wa waya, unaolindwa na fyuzi moja kubwa ya ampea 30 kwenye swichi kuu.

Mpango huo uliokoa shaba lakini ukaleta swali. Fyuzi ya ampea 30 haiwezi kutambua kwamba waya mwembamba wa redio unapitisha ampea 15 na unayeyuka. Kwake yeye ampea 15 ni mzigo wa kawaida. Ndiyo maana kila plagi ikapewa fyuzi yake ndogo, inayolingana na waya wake. Nyumba nyingi sasa zina sakiti breka badala ya fyuzi kwenye swichi kuu, lakini hesabu ni ile ile: breka ya ampea 30 au 32 inalinda nyaya za ukutani, na waya wa redio unategemea kile kipande kidogo cha sentimita mbili na nusu kilichomo ndani ya plagi.

Ndani ya fyuzi hiyo mna uzi mwembamba wa chuma uliozungukwa na mchanga mweupe, vyote vikiwa ndani ya gamba la kauri. Stima ikizidi, uzi unapata joto na kuyeyuka. Mchanga unazima cheche inayoruka pale uzi ulipokatika. Fyuzi imetengenezwa ife ili waya upone. Ukiizungushia karatasi ya sigara umeifanya isiweze kufa, na sehemu nyingine ndiyo itakayoungua badala yake: waya, plagi, au zulia.

Ampea ngapi?

Fyuzi za plagi zinazopatikana kwa wingi ni za aina tatu. Ya ampea 3 huwa na maandishi mekundu, ya ampea 5 huwa nyeusi, na ya ampea 13 huwa ya kahawia. Madukani ya 13 ndiyo hujaa, na plagi nyingi mpya huuzwa zikiwa nayo tayari. Kwa hiyo redio ndogo, chaja ya simu na birika la umeme vyote vinajikuta na fyuzi moja, ingawa birika linahitaji stima mara nyingi zaidi ya redio.

Hesabu ya kuchagua ni rahisi. Chukua wati za kifaa, ugawe kwa volti 240, na utapata ampea. Sabufa inayokula wati 120 inatumia nusu ampea. Amplifaya ya nyumbani inayokula wati 400 haifiki ampea 2. Fyuzi ya ampea 3 inabeba takriban wati 700, ya 5 inabeba 1,200, na ya 13 inabeba kama 3,100. Kwa hiyo karibu kila mtambo wa muziki wa nyumbani unatosheka na fyuzi ya ampea 3, na mikubwa kidogo inatosheka na ya 5.

Hapa lakini wanunuzi wengi hupotezwa na boksi. Sabufa huja na maandishi makubwa upande wa mbele yanayodai wati 8,000 au 12,000, na mara nyingi herufi PMPO hufuata. Hizo si wati za stima inayoliwa. Kama sabufa ingekula wati 12,000 kweli, ingevuta ampea 50, na soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13 tu. Namba ya kuaminika iko nyuma ya kifaa, karibu na mahali waya unapoingia, kwenye kibandiko kidogo kinachoonyesha volti, hezi na wati. Mara nyingi mtu aliyebeba sabufa ya "wati 12,000" atakuta pale nyuma pameandikwa wati 80 au 100. Si jambo la kuonea aibu. Wati 80 zinatosha kuwaamsha majirani wa mtaa mzima.

Kwa nini usiweke tu ya 13 ukaachana na hesabu? Kwa sababu joto la waya halipandi sawa na stima. Ukiongeza stima mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kutoka ampea 3 hadi 13, joto kwenye waya ule ule linaongezeka karibu mara 19. Waya mwembamba wa sabufa ndogo, ambao shaba yake ina nusu milimita ya mraba, umekusudiwa kubeba ampea 3. Waya wa kubeba 13 unapaswa kuwa na milimita za mraba 1.25, na hata kwa macho unaonekana mnene.

Kuna jambo jingine ambalo wasiokuwa mafundi hawalijui. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki stima ikifika 13. Kiwango chenyewe kinaitaka ibebe mara 1.6 ya namba yake kwa nusu saa bila kukatika, yaani zaidi ya ampea 20. Waya wa ampea 3 ukiachiwa ampea 20 kwa nusu saa nyuma ya kabati, juu ya zulia, hautavumilia.

Ipo hali moja ambapo fyuzi ndogo huonewa bure. Amplifaya kubwa zenye transfoma nzito ya mviringo huvuta stima nyingi sana kwa muda mfupi mno zinapowashwa, kisha zinatulia. Fyuzi ya ampea 3 inaweza kukatika wakati huo ingawa hakuna kilichoharibika. Mtengenezaji akisema kwenye kitabu kwamba mtambo huo unahitaji 5 au 13, na waya wake ni mnene wa kutosha, basi afuatwe. Kitabu cha mtambo kina uzito kuliko ushauri wa dukani, na hata kuliko makala haya.

Fyuzi ya kioo iliyo ndani

Nyuma ya amplifaya nyingi kuna kifuniko kidogo cha mviringo, na ndani yake fyuzi ya kioo yenye urefu wa milimita 20 na kipenyo cha milimita 5. Hii ndiyo inayoulinda mtambo wenyewe, hasa transfoma yake, na hii ndiyo hukosewa zaidi inapobadilishwa, kwa sababu zote zinafanana na zinaingia mahali pamoja.

Tofauti iko kwenye maandishi madogo yaliyochongwa kwenye kifuniko cha chuma cha fyuzi. Kwa mfano, T3.15AL250V. Herufi T inatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mvivu: fyuzi hii inavumilia msukumo mfupi wa kuwasha bila kukatika. Ikiwa ni F, ni ya haraka, na ukiiweka mahali pa T itakatika kila unapowasha mtambo. Ukiweka T mahali pa F, itachelewa, na pengine vipande vya ndani vitaungua kabla yake. 3.15A ni ampea. L inaonyesha kwamba fyuzi ina uwezo mdogo wa kukata shoti kubwa. Yenye H ina uwezo mkubwa, na kwa kawaida gamba lake si kioo kitupu bali kauri yenye mchanga. 250V ni volti ya juu inayoruhusiwa.

Hiyo volti isipuuzwe. Fyuzi za kioo za magari zimeandikwa 32V. Zimewekwa kwenye boksi moja na nyingine katika maduka mengi ya vipuri, na zikitiwa kwenye mtambo wa volti 240, uzi unaweza kuyeyuka huku stima ikiendelea kuruka ndani ya kioo kama cheche, hadi kioo kipasuke.

Kanuni ya fyuzi ya ndani basi ni moja: irudishwe ile ile, herufi kwa herufi. Hakuna "kuipandisha" kutoka 3.15 hadi 5 ili isikatike tena. Na ikiwa fyuzi haiko kwenye kifuniko cha nje bali imewekwa kwenye bodi ndani ya kasha, kazi hiyo ni ya fundi. Kapasita kubwa za amplifaya huhifadhi stima hata plagi ikiwa imechomolewa, na zinaweza kumrusha mtu.

Je, fyuzi ya dhahabu inaleta sauti?

Katika masoko ya Uingereza, Marekani na Japani, fyuzi moja ya aina hii inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100. Wauzaji husema besi inakuwa nzito na sauti ya mwimbaji inakuwa karibu zaidi. Baadhi huchora mshale juu ya fyuzi kuonyesha upande ambao stima inapaswa kupitia.

Tuanze na mshale. Stima ya ukutani nchini Kenya ni ya hezi 50, yaani kila sekunde inakwenda upande mmoja na kurudi mara 50. Haina upande wa kuanzia wala wa kuishia ambao mshale unaweza kuuonyesha.

Kisha tufuate njia ya stima yenyewe. Umeme unaofika Voi umezalishwa mbali, kwenye mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Kiambere, kwenye mvuke wa Olkaria na kwingineko. Umepita mamia ya kilomita za nyaya za alumini, ukashushwa kwenye transfoma moja baada ya nyingine, ukapita kwenye nguzo ya mtaani, mita ya tokeni, swichi kuu na waya wa ukutani. Mwisho kabisa unakutana na sentimita mbili za fyuzi. Tuseme fyuzi ya kawaida ya kioo ina ukinzani wa omu 0.03. Amplifaya inayovuta ampea 1 itapoteza hapo volti 0.03 kati ya 240. Waya wa ukutani wa milimita za mraba 2.5, ukiwa umbali wa mita 20 kutoka swichi kuu, unapoteza karibu mara kumi ya hiyo. Na volti za mtaani zenyewe hupanda na kushuka kwa volti kadhaa jioni moja, kila mtu anapopika na kupiga pasi.

Isitoshe, stima inayopita kwenye fyuzi hiyo siyo muziki. Ikishavuka fyuzi inaingia kwenye transfoma, inapita kwenye daiodi, inatulizwa na kapasita, na hapo ndipo amplifaya huichukua na kuijengea sauti. Chochote ambacho dhahabu ingekifanya kimeshapotea njiani.

Basi mbona wapo wanaoapa kwamba wamesikia tofauti? Mara nyingine tofauti ipo kweli, ila haitokani na dhahabu. Kishikio cha fyuzi kilichokaa miaka mingi hupata kutu na vumbi, na vumbi jekundu la Voi linaingia hata mahali ambapo hewa haionekani kuingia. Kishikio kilicholegea hupata joto, na mtambo huanza kukatakata. Kutoa fyuzi na kuirudisha kunasugua ile kutu. Fyuzi mpya ya bei ya kawaida ingeleta matokeo yale yale. Na mara nyingine tofauti iko kwenye matarajio ya mtu aliyetoa pesa nyingi.

Mwenye shaka anaweza kujipima kwa fyuzi ya plagi, ambayo ni rahisi kubadilisha. Mtu mmoja wa nyumbani achomoe plagi, aweke fyuzi moja kati ya mbili bila kusema ni ipi, wimbo ule ule upigwe kwa sauti ile ile, na msikilizaji aseme ni ipi. Warudie mara kumi na kuandika. Anayekisia tu atapata kama tano. Mtihani huo hauna gharama, na watoto huufurahia.

Ubaya wa fyuzi za anasa hauko kwenye bei peke yake. Fyuzi ni kifaa cha usalama kwanza. Ikiwa haina alama ya kiwango inachofuata, na muuzaji haonyeshi imepimwa wapi, mnunuzi hajui itakatika kwa ampea ngapi. Kwa hilo fyuzi ya dola 100 isiyo na alama haina tofauti na karatasi ya sigara.

Halisi na bandia

Fyuzi halali ya plagi imeandikwa ampea zake na namba ya kiwango, BS 1362, pamoja na jina au nembo ya mtengenezaji. Kiwango hicho kinaitaka iweze kukata shoti ya ampea 6,000 bila kupasuka. Bandia hutengenezwa bila mchanga, au kwa uzi mnene kupita kiasi, na kwa nje zinafanana. Itikise karibu na sikio na kuipima uzito mkononi: nyepesi mno, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole au vifuniko vinavyocheza, iachwe. Halisi nayo haina bei ya kutisha. Haizidi nauli ya bodaboda ya kuzunguka mjini.

Plagi na nyaya za ekstensheni pia zikaguliwe. Bidhaa za umeme zinazouzwa nchini zinapaswa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, na namba iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikishwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023.

Kalamu kwenye tundu la juu

Kuna tabia moja iliyoenea kuliko hata karatasi ya sigara. Sabufa nyingi za bei nafuu huja na plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu zina kilango kinachofunga matundu ya chini mpaka pini ya juu iingie. Basi mtu huchukua kalamu, ufunguo au kijiti, anasukuma tundu la juu, kilango kinafunguka, na pini mbili zinalazimishwa kuingia.

Mtu huyo ameondoa mambo mawili kwa mara moja. Pini za mviringo hazishiki vizuri kwenye tundu la mraba, kwa hiyo cheche na joto haviishi. Na plagi ya pini mbili haina fyuzi ndani yake. Waya wa sabufa umeunganishwa moja kwa moja na breka ya ampea 30. Hapa dawa si kuchagua fyuzi bora. Plagi hiyo ikatwe, ifungwe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3: waya wa kahawia kwa laivu, upande wenye fyuzi, wa bluu kwa nyutro, na wa kijani na manjano, kama upo, kwa pini ya ardhi. Asiyekuwa na uhakika ampe fundi, kazi ya dakika tano.

Na kwa kuwa waya wa ardhi umetajwa: amplifaya ikitoa mlio wa "mmmm" usiokoma kwenye spika, wapo mafundi wanaoukata waya huo ili mlio upungue. Mlio unaweza kupungua kweli. Lakini siku laivu itakapogusa kasha la chuma, kasha litakuwa na volti 240 na fyuzi haitakatika, kwa sababu stima haina njia ya kurudi ila kupitia kwa mtu atakayeligusa. Mlio utafutiwe dawa kwenye nyaya za mawimbi kati ya vifaa, na waya wa ardhi ubaki mahali pake.

Nyumba za sola

Kuna nyumba nyingi, kuanzia Kasigau na Marungu hadi sehemu za Mata, ambako muziki hupigwa kwa betri ya volti 12 iliyochajiwa na sola, mara nyingi kwa redio ya gari iliyowekwa kwenye kasha la mbao. Huko fyuzi hutupwa kabisa, kwa imani kwamba volti 12 haziwezi kumdhuru mtu. Ni kweli hazimrushi. Lakini betri ya gari ikipata shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya mwembamba unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, ukiwa umepita chini ya mkeka au kwenye dari ya makuti.

Stima ya betri pia ina ukaidi wake. Ile ya ukutani hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Ya betri haifiki sifuri kamwe, kwa hiyo cheche hung'ang'ana. Fyuzi ya kutumiwa hapa ni ya gari, ile bapa ya plastiki yenye miguu miwili, pamoja na kishikio chake. Iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati yake na betri kinabaki bila ulinzi.

Rangi za fyuzi hizi zina maana nyingine. Nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Aliyezoea kwamba nyekundu ni 3 kwenye plagi asichanganye. Redio nyingi za gari zina fyuzi ya 10 au 15 mgongoni, na ile ya karibu na betri inaweza kuwa 15, mradi waya uwe na shaba ya milimita za mraba 1.5 au zaidi.

Na hapa, kwenye volti 12, ndipo pesa ya kuboresha sauti hupata kazi ya kweli. Redio inayovuta ampea 10 kupitia waya wa milimita 1.5, umbali wa mita 5 kutoka betri, inapoteza zaidi ya volti moja kati ya 12, kwenda na kurudi. Besi ikipiga, taa ya redio inafifia na sauti inakwaruza. Waya wa milimita 4 unapunguza hasara hiyo hadi nusu volti hivi. Tofauti hiyo inasikika bila mtihani wowote, kwa bei ya mita chache za waya. Kuisogeza betri karibu na redio ni bure kabisa.

Fyuzi isichoweza

Fyuzi hupima stima inayopita, haipimi volti. Volti zikipanda ghafla stima inaporudi, fyuzi inaweza kukatika baada ya vipande vya ndani kuungua, au isikatike kabisa. Kinga ya hilo ni gadi, kile kifaa kinachochomekwa kwenye soketi na kukata volti zikizidi au zikipungua, kisha kungoja dakika chache kabla ya kurudisha stima. Kwa radi, hasa misimu ya mvua katika vilima vya Wundanyi na Mwatate, hata gadi haitoshi. Plagi ichomolewe, na waya wa antena pia.

Fyuzi mpya sahihi ikikatika mara ya pili, isiwekwe ya tatu. Mtambo una hitilafu na uende kwa fundi wa redio ukiwa na fyuzi iliyoungua ndani yake, kwa maana kioo chake humweleza mengi: kikiwa safi na uzi umekatika katikati, mzigo ulizidi kidogo; kikiwa cheusi au chenye rangi ya kioo cha kujitazama, ilikuwa shoti kubwa. Ikiwa fyuzi hukatika kwenye soketi moja tu na si nyingine, hitilafu iko ukutani, na hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Ikiwa taa za nyumba nzima zinang'aa kupita kiasi au zinafifia pamoja na za jirani, hitilafu iko nje ya nyumba, na Kenya Power hupokea ripoti kupitia 97771.

Plagi au waya ukianza kunuka plastiki iliyoungua, zima kwanza kwenye swichi kuu, usiushike. Moto ukishawaka kwenye kifaa chenye stima usimwagiwe maji kabla stima haijakatwa. Fyuzi mbili za akiba, moja ya 3 na moja ya 5, zifungwe kwa utepe nyuma ya redio pamoja na karatasi yenye herufi za ile ya ndani, ili stima ikirudi usiku na maduka yamefungwa mtu asiende kutafuta pakiti ya sigara.